MUULIZE FUNDI: Mkanda wangu nimpe nani asafishe?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, vijana wamefufua kamera za mikanda za wazee wao afu wanakwama palepale, picha imeshapigwa, mkanda uko mkononi, wa kuusafisha, yaani kuutia dawa picha zitokee, haonekani au wapo wawili na hujui yupi ni yupi. Nimechukua maswali matano, mengine yamefanana nayo kwa hiyo kama lako hulioni soma tu yote utalikuta humo.

*Shikamoo fundi. Marehemu baba kaniachia kamera, Pentax K1000, nimenunua mikanda mitatu ya rangi na mmoja nimeshaumaliza kwenye harusi ya dada yangu. Huku kwetu studio zote saivi ni za printa, ukiwatajia mkanda wanakushangaa. Dar nimepata studio mbili zinazosafisha, moja bei poa nyingine imechangamka. Nachaguaje? – Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kaniachia na mimi kumbukumbu hapo, K1000 ni kamera ya kazi, wameitengeneza kuanzia 1976 mpaka 1997 na haina mambo mengi, betri ni ya kupimia mwanga tu, hata ikifa shata inaenda. Kamera haina neno, tuongee studio.

Bei iweke pembeni kwanza. Wapigie wote wawili uliza swali moja: mikanda ya rangi mnasafisha siku gani? Sio "mnasafisha?", hilo kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza siku. Sababu ni hii, mkanda wa rangi wa kawaida unasafishwa kwa mfumo unaoitwa C-41, Kodak waliuleta 1972 na mpaka leo dunia nzima ndo huohuo, uwe mkanda wa Kodak uwe wa Fujifilm. Dawa ya kwanza, divelopa, inatakiwa iwe nyuzi 37.8 na mkanda unakaa humo dakika 3 na sekunde 15, hapo hakuna kukadiria kwa kidole, joto likiyumba na rangi zinayumba. Na hiyo divelopa ina adui mkubwa, hewa. Ikikaa kwenye tangi la mashine bila kazi inabadilika taratibu kama chai iliyolala, inachoka, na mkanda utakaopita humo unatoka hafifu, rangi zimekimbia, nyuso za watu zina ukijani ambao hata uzirekebishe vipi kwenye kompyuta hazikai sawa.

Miaka ya 90 nilipokuwa nafanya kazi studio Kariakoo tulikuwa tunapitisha mikanda asubuhi mpaka jioni, Idi na Krismasi ndo usiseme, watu wanapanga foleni na vikopo mkononi, na mashine inajiongezea dawa mpya kadiri mikanda inavyopita, hivo dawa haikuwa na muda wa kuzeeka. Chukua mashine ileile leo iwe inapitisha mikanda minne kwa wiki, dawa inazeekea humohumo ndani. Kwa hiyo studio ikikujibu "lete tu muda wowote" usifurahi haraka, waulize wiki iliyopita wamesafisha mingapi. Na ikikujibu "tunakusanya, Alhamisi tunachanganya dawa tunasafisha yote kwa mpigo" usiwaone wazembe, hao wanajua wanachofanya. Mimi mkanda wangu nampa huyo wa Alhamisi hata akinichelewesha siku nane.

Swali la pili waulize, negativu zangu, yaani mkanda wenyewe ukishasafishwa, nazipata? Hili nalisisitiza mpaka mwisho. Siku hizi kuna studio inasafisha, inaskani, inakutumia picha kwenye simu, ukiuliza negativu wanakwambia zimetupwa maana wateja hawazifuati. Mwanangu, negativu ndo picha. Ile ya kwenye simu ni nakala ya siku hiyo, kwa mashine ya siku hiyo na mtu aliyekaa pale siku hiyo, kesho ukipata mashine bora unaskani upya kutoka kwenye negativu ileile na inatoka bora zaidi. Nenda Unguja pale Mji Mkongwe, Capital Art Studio, ilianzishwa 1930 na Ranchhod Oza, mpaka leo watu wanaingia kuangalia Zanzibar ya zamani ilivyokuwa, na hiyo ni kwa sababu pale vitu vilitunzwa havikutupwa. Studio isiyorudisha negativu mimi siipi mkanda hata wasafishe bure.

La tatu sio swali, ni la kwenda mwenyewe au kumtuma mtu mwenye macho. Waombe wakuonyeshe negativu yoyote waliyosafisha karibuni, ya kwao wenyewe, sio ya mteja. Ishike kingoni, ielekeze dirishani kwenye mwanga wa kawaida. Ya rangi inakuwa na rangi ya chungwa, sasa angalia hiyo chungwa imekaa sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho au kuna sehemu imepauka na nyingine imekolea. Afu iinamishe kidogo mwanga uteleze juu yake kama unavyokagua kioo cha simu ya mtumba. Ukiona mstari mmoja mnyoofu umepita fremu ya kwanza mpaka ya mwisho, kuna chembe imekwama mahali kwenye mashine au kwenye rola na kila mkanda unaopita unachanwa hivohivo. Ukiona viduara kama tone la maji lilikaukia hapo, wanakausha vibaya au maji yao yana chumvi. Alama ya kidole katikati ya picha, rudisha, shukuru, ondoka. Na ukiona imekatwa vipande vya fremu sita sita, kila kipande kimekaa kwenye mfuko wake safi, hapo umefika kwa watu.

Sasa huo mkanda wa harusi usiwe wa kwanza kumpa mtu usiyemjua. Piga mmoja kati ya hiyo miwili iliyobaki, piga vitu ambavyo ukivikosa hulii, piga bandarini, piga ndizi sokoni, piga jirani, upeleke huo. Ukirudi vizuri ndo unapeleka wa harusi. Kwa sasa uweke ndani ya kopo lake, kopo ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, tia kwenye friji, siku ya kuupeleka utoe uache masaa kadhaa ubaridi uishe kabla hujafungua kopo maana joto la Tanga likikutana na kitu cha baridi linatoa jasho, na jasho kwenye mkanda ni balaa.

*Ndugu fundi, hujambo. Nilipeleka filamu mbili studio moja hapa mjini kuoshwa. Moja imerudi nyeupe pee haina kitu, ya pili ina picha lakini hafifu kama kivuli. Mwenye studio asema kamera yangu ni mbovu na pesa azitaka zote. Nimlipe? Nani mwenye makosa? – Msomaji, Mombasa*

Sijambo ndugu yangu. Kabla hamjagombana chukua hizo filamu, usiangalie picha, angalia pembeni. Ukingoni mwa filamu kuna herufi na namba, jina la filamu, namba ya fremu, 1, 1A, 2, 2A, hivo hivo. Hizo hazikupigwa na kamera yako, zimepigwa kwa mwanga kiwandani kabla hata filamu haijaingia kwenye kopo, zinasubiri dawa tu zitokee. Kwa hiyo hizo ndo shahidi wako, hazijui habari ya kamera kabisa.

Anza na ile nyeupe. Kama picha hakuna lakini herufi zimetoka nyeusi nzuri zinasomeka, basi dawa ilifanya kazi, filamu haikupata mwanga, mara nyingi haikushika vizuri kwenye kamera ukawa unapiga wakati yenyewe imesimama palepale, na hapo mwenye studio ana haki mlipe. Lakini kama hata herufi hazipo, ukingo wote mtupu, hiyo sio kamera ndugu yangu. Kamera haiwezi kufuta herufi za kiwandani. Hapo ni dawa, ama imekufa, ama wametanguliza dawa isiyo yake, ama filamu imeingia mfumo usio wake. Sasa ile ya pili, picha hafifu na herufi zimekolea, wewe ulipiga kwenye giza au ISO, ile namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga, uliiweka sivyo. Picha hafifu na herufi nazo hafifu, divelopa ilichoka au muda haukutimia. Nenda nazo mbele yake, muonyeshe, fundi wa kweli akiona ukingo mtupu hatabishana na wewe.

Hii ya herufi nimejifunza kwa uchungu. Mwaka 2004 nilimpiga babu yangu picha kijijini, amekaa kwenye kigoda mlangoni, jua la saa kumi na moja jioni, mkanda wa Ilford HP5 wa nyeusi na nyeupe, fremu 36 zote ni yeye. Nilikuwa safarini, nikampa mtu aupeleke studio moja ya mjini wakati huo naijua ni ya rangi tu, nikasema wataona wenyewe kwenye kopo. Hawakuangalia. Kijana wa mashine kaupitisha kwenye C-41 kama mikanda mingine. Mikanda ya nyeusi na nyeupe ya kawaida picha yake ni madini ya fedha, na kwenye C-41 kuna hatua ya kuondoa fedha yote ibaki rangi tu, sasa huo rangi hauna, ikaondolewa fedha hakukubaki kitu. Nilirudishiwa plastiki inayopitisha mwanga kama mfuko wa maji, nikaugeuza nikautafuta ukingo, hata jina la Ilford halipo. Babu alifariki mwaka huohuo kabla sijarudi kijijini. Mkanda ule ninao, nimeuweka.

Kwa hiyo naomba wote mnaosoma hapa, andika juu ya kopo kwa kalamu ya wino mzito, RANGI au NYEUSI NA NYEUPE, na umtamkie anayepokea mpaka arudie. Upo mkanda mmoja wa Ilford unaitwa XP2 Super, huo ni wa nyeusi na nyeupe lakini umetengenezwa usafishwe kwa C-41, hautakusumbua kwa studio ya rangi. HP5, FP4, Tri-X, T-Max, hizo zote ni za dawa ya nyeusi na nyeupe. Na kama umenunua mkanda wa sinema uliokatwa na kutiwa kwenye kopo la kamera ya kawaida, mwambie fundi kabla, mingi ina utando mweusi wa kaboni mgongoni unaotoka ukaenda kuchafua dawa na mikanda ya wenzako wote iliyo nyuma yako, wewe umeharibu na wao umewaharibia.

*Asalaam aleikum. Bibi yetu amefariki na kwenye kabati lake la nguo tumekuta mikanda miwili imeshapigwa haijaoshwa, mmoja umeandikwa Kodachrome na mmoja ni wa rangi tu wa kawaida. Tunadhani ni ya miaka ya 80. Itatoka kweli? – Msomaji, Unguja*

Waaleikum salaam, Mungu amrehemu bibi. Huo wa kawaida soma kwenye kopo, ukiona C-41 upo njiani. Miaka arobaini kwenye kabati la pwani, joto na unyevu, umechoka, utatoka na ukungu na punje nyingi, rangi zitakuwa zimehama, lakini watu mara nyingi wanaonekana, na mnachokitafuta ni watu. Usiupeleke kwa anayeupitisha kwenye mashine pamoja na ya wengine, mikanda mizee inakuwa imejikunja na migumu inakatikia ndani. Mtafute anayesafisha kwa mkono kwenye tangi dogo, na mwambie umri wake, aliyezoea kazi hizi atakwambia mwenyewe kwamba akiusafisha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe kuna nafasi kubwa zaidi ya kupata sura kuliko kung'ang'ania rangi. Mimi ningekubali.

Kodachrome ni habari nyingine na inabidi niseme ukweli, rangi zake hazitarudi tena. Ulikuwa na mfumo wake peke yake, dawa zake nyingi na ngumu, rangi zilikuwa zinatiwa wakati wa kusafisha kwa sababu zenyewe hazikuwemo kwenye mkanda. Kodak waliacha kuutengeneza 2009 na labu ya mwisho duniani kuusafisha, Dwayne's Photo pale Parsons, Kansas, Marekani, ilifunga kuupokea mwisho wa Desemba 2010. Atakayekwambia leo nitakutolea rangi, mkimbie. Ila kwa dawa ya nyeusi na nyeupe picha inaweza kutoka, kwa hiyo usiutupe, na usimpe mtu ajifunzie kwenye mkanda wa bibi, umpe aliyekwisha kufanya Kodachrome nyingine akakuonyesha.

*Mimi ni Mzanzibari niko Maskati, nakuja likizo mwezi ujao na mikanda kumi. Nioshe huko nyumbani au nirudi nayo? Naogopa eksrei za eapoti. – Msomaji, Maskati*

Kuogopa una haki. Mkanda ambao haujasafishwa usiutie kwenye begi la chini kabisa, mashine za mizigo ile mikubwa ni kali, zinauchoma. Na hizi mashine mpya za mabegi ya mkononi, zile zinazomzungushia mtu picha ya begi pande zote, nazo ni kali kuliko zile za zamani, Kodak na Ilford wote wametahadharisha. Tia mikanda yote kwenye mfuko mmoja unaoonyesha, nje ya vikopo vya plastiki, fika mapema, muombe afisa kwa heshima aikague kwa mkono. Wengine wanakubali wengine wanakataa, ndo maana fika mapema uwe na muda wa kuongea. Ya ISO 800 kwenda juu pigania zaidi, na kumbuka eksrei zinajumlishana, kila uwanja unaongeza.

Mkanda ukishasafishwa eksrei haiufanyi kitu tena. Kwa hiyo kama studio ya nyumbani umeshaijaribu ukaiamini, safisha huko, ruka na negativu kavu ukiwa na amani. Kama hujaijaribu, likizo ya wiki tatu inatosha, wiki ya kwanza peleka mmoja, ukirudi sawa wapelekee tisa. Usipeleke kumi siku ya kwanza kwa sababu shangazi kasema ni wazuri.

*Fundi mambo. Mi mwanafunzi, mkanda nimesafishiwa poa ila picha wamenitumia WhatsApp, nikitaka kuprinti kubwa zinapasuka. Afu nauliza, naweza kusafisha mwenyewe hosteli? – Msomaji, Morogoro*

Poa kijana. WhatsApp ikituma picha kama picha inaikamua, uliza wakutumie kama faili au wakutilie kwenye flashi, na kabla hujalipa uliza ukubwa kwa namba, wasikwambie "eichidii". Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inatosheka na pikseli 1800 kwa 1200. Ukitaka ya ukutani inchi 12 kwa 18 unahitaji karibu 5400 kwa 3600. Studio nyingi zinaskani ndogo kwa bei waliyokutajia na kubwa ni bei nyingine, sio wizi ila wakuambie mapema. Na kama negativu unazo hujapoteza kitu, rudi nazo waskani upya.

Kusafisha mwenyewe, nyeusi na nyeupe naam, rangi subiri kwanza. Hauhitaji chumba cha giza, unahitaji mfuko mweusi wa kuingiza mikono, tangi dogo, kipima joto na saa ya simu. Dawa nyingi zimepangiwa nyuzi 20 na maji ya bomba Morogoro mchana hayako huko, weka chupa za dawa kwenye beseni la maji na barafu mpaka kipima joto kikubali, usikadirie. Kwa mtu anayesafisha mkanda mmoja kwa mwezi tafuta dawa kama Rodinal, ipo tangu 1891, ile ya maji mazito inakaa kwenye chupa muda mrefu sana haijafa, unachota kidogo unachanganya na maji, ukimaliza unamwaga, kila mkanda unapata dawa mpya. Suuza ya mwisho tumia maji ya betri, yale masafi yasiyo na asidi yanayouzwa sheli, soma chupa vizuri maana asidi nayo iko kwenye chupa zinazofanana, tia tone moja tu la sabuni ya vyombo, ning'iniza bafuni baada ya watu kuoga vumbi likiwa limetulia, bana kibanio cha nguo chini ili usijikunje, na ufunge mlango mpaka asubuhi. Wenzako wa chumba waambie kabisa kuna kitu kinakauka humo.